Gari linatetemeka likisimama: ziache buji, tafuta hewa inayovuja

Swali: Ninaishi Bagira, hapa Bukavu, na ninaendesha Toyota Corolla ya mwaka 2004 yenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5. Gari likiwa limesimama huku injini inanguruma, linatetemeka mpaka kioo cha kutazamia nyuma kinacheza. Nikikanyaga mafuta linatulia, na mlima wa Kadutu linaupanda vizuri hata likiwa na watu watano. Nilibadilisha buji zote nne (plagi za kutolea cheche) nikaweka za iridiamu, ile metali ngumu. Kwa siku tatu nikapata nafuu, kisha mtetemo ukarudi. Muuza vipuri ananiambia kwamba mji wetu uko juu na una baridi, kwa hiyo nahitaji «buji za moto» ili cheche iwe na nguvu. Fundi, ninunue namba gani?

Jibu: Ndugu msomaji, usinunue buji nyingine. Jibu umeliandika wewe mwenyewe katikati ya barua yako, pale uliposema kwamba gari linapanda Kadutu vizuri na watu watano ndani. Buji iliyochoka, au bobini (koili inayoipa buji umeme) iliyopungukiwa nguvu, huumbuka wakati injini inapobeba mzigo, kwa sababu mlimani silinda hujaa hewa, mgandamizo hupanda, na kadiri mgandamizo unavyopanda ndivyo umeme unavyohitaji msukumo mkubwa zaidi ili uruke kati ya ncha mbili za buji. Kama cheche yako ingekuwa dhaifu, gari lingeanza kukwamakwama kwenye mteremko ule wa kupanda kabla ya kukusumbua likiwa limesimama. Lako linafanya kinyume: linasumbua kwenye ralanti, yaani injini ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta, linapona likikanyagwa. Hiyo, mara nyingi sana, ni dalili ya hewa inayoingia mahali isipopaswa kuingia.

Injini ikiwa kwenye ralanti, kile kibao cha hewa, kinachofunguka ukikanyaga mafuta, kinakuwa karibu kimefungwa, na nyuma yake pistoni zinavuta kwa nguvu. Ufa mdogo kwenye mpira wowote ulio nyuma ya kibao hicho unapitisha hewa ambayo kipimo cha hewa hakikuiona, kwa hiyo kompyuta ya injini haikuitolea esansi (petroli) inayolingana nayo. Mchanganyiko unakuwa maskini, yaani hewa nyingi na esansi kidogo, silinda moja au mbili zinakosa kuwaka mara kwa mara, na gari linatetemeka. Ukikanyaga mafuta, ufa unabaki uleule lakini hewa halali inakuwa nyingi. Kijiko cha chumvi utakionja ndani ya kikombe cha chai. Ndani ya ndoo ya maji hutakisikia.

Gari lako lina miaka zaidi ya ishirini, na mipira yake imepikwa na joto kwa muda wote huo. Ninaoushuku kwanza ni ule mfupi unaotoka kwenye mfuniko wa juu wa injini, penye vali ndogo ya kupitisha mvuke wa oili, na kuingia kwenye bomba linalogawia silinda hewa. Ukiutazama kwa juu utauona mzima, kwa sababu hupasuka upande wa chini, kwenye kona, mahali ambapo jicho halifiki. Nilipokea Corolla ya namna hiyohiyo ambayo mwenyewe alikuwa amekwisha kuinunulia seti mbili za buji. Niliinama, nikapitisha kidole chini ya mpira huo huku injini inanguruma, nikahisi ubaridi wa hewa ukininyonya ncha ya kidole na mlio mdogo kama wa mtu anayevuta chai ya moto. Nilipobana ufa kwa kidole, injini ilitulia ghafla kiasi kwamba mwenye gari alichungulia ndani akidhani nimeizima. Kidole kilipotoka, mtetemo ukarudi. Mpira mpya uliwekwa kwa dakika kumi.

Ikiwa mpira huo ni mzima, endelea na ule mnene unaokwenda kwenye kisaidizi cha breki: ubane kwa koleo lisilo na meno wakati gari limesimama mahali tambarare, na kama ralanti inatengemaa, uvujaji uko upande huo na usikawie kuushughulikia, kwa maana unagusa breki. Kisha kuna gasketi ya bomba la hewa, ambayo unaweza kuipima kwa chupa ya kupulizia maji: nyunyiza kidogo kwenye maungio, mbali na bobini na soketi za umeme, usikilize kama mlio wa injini unabadilika. Wapo wanaofanya jaribio hili kwa kupulizia esansi juu ya injini ya moto. Watu hao wasiruhusiwe kufungua boneti yako. Mwisho, kibao cha hewa chenyewe hujenga pete nyeusi ya kaboni ukingoni, nayo husafishwa kwa dawa yake na kitambaa. Kama gari lako linakubali kuzungumza na mashine ya uchunguzi, mwombe fundi atazame marekebisho ya esansi, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza: yakiwa juu sana kwenye ralanti, tuseme asilimia 20 na zaidi, kisha yakashuka karibu na sifuri kwenye mizunguko 2,500, hakuna haja ya kubishana tena, ni hewa.

Unaweza kuuliza kwa nini ulipata nafuu ya siku tatu. Siwezi kuliona gari nikiwa hapa, lakini nimeona hila inayoleta nafuu ya aina hiyo mara nyingi mno. Fundi anabadilisha buji, anawasha, mtetemo uko palepale, na ili mteja asiondoke na malalamiko anageuza visi (skrubu) ya ralanti kidogo, injini inapanda kutoka mizunguko kama 700 hadi 1,000 kwa dakika, na mtetemo unajificha. Kompyuta nayo haijalala: inatambua kwamba injini inazunguka kasi kuliko inavyotakiwa, inaifunga taratibu vali ya ralanti, na baada ya siku chache unarudi ulipokuwa. Chungulia ile visi kwenye mwili wa kibao cha hewa. Ikiwa rangi iliyotiwa kiwandani kuifunga imevunjika, umepata maelezo ya siku zako tatu. Wengine huipandisha mpaka kompyuta ishindwe kuishusha, na katika mji wetu hilo si jambo dogo, kwa sababu gari la otomatiki lenye ralanti ya juu linajisukuma lenyewe kwenye mteremko wakati wewe unalizuia, na breki ndizo zinazolipa.

Sasa nije kwenye hizo «buji za moto», kwa kuwa ni jambo ninaloambiwa karibu kila wiki, na kila mara na mtu ambaye amekwisha kulipa. Buji ya moto haina cheche ya moto zaidi. Cheche inatoka kwenye bobini, na buji haiiongezei hata chembe. Neno «moto» na «baridi» linaeleza jinsi ncha ya buji inavyopoteza joto inalolipata ndani ya silinda. Ile ambayo kauri yake nyeupe ni ndefu kuelekea ncha hulazimisha joto lisafiri njia ndefu kabla ya kufika kwenye chuma cha injini, basi ncha hubaki na joto, na hiyo ndiyo huitwa ya moto. Yenye kauri fupi hupoa haraka, nayo huitwa ya baridi. Ncha inatakiwa ifike kama nyuzi 450 za Selsiasi ili ijiunguzie masizi yenyewe, na isivuke nyuzi 800 na kitu, kwa maana hapo inaanza kuwasha esansi kabla ya cheche kutoka, kama kaa lililosahauliwa jikoni. Injini inayowashwa kabla ya wakati wake hutoboa pistoni. Kwa hiyo muuzaji aliyekushauri vile alikuwa anakuuzia hatari ili utibu ugonjwa ambao huna.

Kuhusu mwinuko, ni kweli kwamba Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Lakini hewa nyepesi inapunguza mgandamizo, na mgandamizo ukipungua cheche inaruka kwa urahisi zaidi. Hoja ya muuzaji inajipinga yenyewe. Injini yenye kompyuta inapima hewa iliyopo na kutoa esansi inayolingana nayo. Wenye pikipiki za karibireta ndio wanaoonja mwinuko, kwa sababu karibireta iliyopangwa kwa ajili ya nchi za chini hutoa esansi nyingi mno huku juu na buji inakuwa nyeusi, na hata hapo dawa iko kwenye jeti ya karibireta, kile kitundu kinachopima esansi. Buji ya moto ingefunika masizi tu.

Siku buji zako zitakapofika mwisho wake kwa haki, injini yako inataka Denso K16R-U11 au NGK BKR5EYA-11 kwa buji za kawaida. Ile 16 ya Denso na ile 5 ya NGK zinaeleza kiwango kilekile cha joto, na 11 ya mwisho ni nafasi ya milimita 1.1 kati ya ncha. Kwa kampuni hizo mbili namba ikipanda buji inakuwa ya baridi zaidi, ilhali kwa Bosch namba ikipanda inakuwa ya moto zaidi; wauzaji wengi hawalijui hilo, na ndiyo maana wanalinganisha namba za maboksi kama wanaolinganisha saizi za viatu. Za iridiamu zenye kiwango kilekile ni nzuri, zinaishi hadi kilomita 100,000 hivi badala ya 20,000 au 30,000, lakini haziongezi nguvu ya gari na hazizibi mpira uliopasuka. Umelipia maisha marefu, na hilo tu.

Ila hakikisha kwamba ulichonunua ni iridiamu kweli. Boksi zuri halithibitishi kitu. Baadhi ya buji hizo zina ncha ya milimita 0.4, nyembamba kuliko risasi ya penseli ya kubonyeza, na nimeshika mikononi «iridiamu» yenye ncha nene kama kichwa cha msumari. Chukua kipimo cha umeme, gusa kichwa cha juu cha buji na ncha yake ya katikati: yenye herufi R kwenye namba yake inapaswa kuonyesha upinzani wa kiloomu kadhaa, mara nyingi karibu na 5. Ukisoma sifuri, kile kizuizi kilichoandikwa kwenye boksi hakimo ndani.

Wapo pia wanaochukua buji zilizotumika, wakazisugua kwa msasa, wakazioshea kwenye esansi, wakazichoma kwa moto na kuzirudisha kama mpya. Msasa huacha mikwaruzo kwenye kauri, masizi hushika humo, na umeme hupata njia ya kutorokea. Kwa iridiamu ni vibaya zaidi, kwa kuwa brashi ya waya huivunja ile ncha nyembamba. Tena, fundi anayesugua buji anafuta maandishi ambayo angepaswa kuyasoma kwanza. Buji yenye rangi ya biskuti inasema silinda yake inaungua vizuri. Nyeusi na kavu, esansi ni nyingi. Yenye unyevu wa oili, tazama ringi au sili za vali. Nyekundu kama matofali, uliza esansi imenunuliwa wapi, kwa sababu viongezeo vya chuma na manganizi huacha rangi hiyo, na chupa za kadhafi, wale wauza esansi wa barabarani, hazina maelezo ya kilichomo. Ukiona mstari mwembamba mweusi ukishuka kwenye kauri ya juu, kama uliochorwa kwa penseli, umeme umekuwa ukiteleza kwa nje. Hapo buji hubadilishwa pamoja na mpira wa bobini yake, kwa maana kimoja kilichoharibika kitamharibu mwenzake. Mstari huo huwapata sana wanaoosha injini kwa maji ya presha na kuyaacha yasimame kwenye visima vya buji.

Na kama fundi anataka kujua silinda ipi haifanyi kazi, asichomoe bobini injini ikiwaka, akaacha cheche iruke hovyo na esansi mbichi ikaenda kuunguza katalizeri, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi. Achomoe soketi ya injekta (kile kinachopulizia silinda esansi), moja baada ya nyingine: ile ambayo ukiichomoa ralanti haibadiliki, silinda yake ndiyo iliyokuwa imelala.

Kuhusu kufunga, kichwa cha injini yako ni cha alumini. Buji mpya huzungushwa kwa vidole mpaka ikae, kisha kwa ufunguo nusu mzunguko hadi theluthi mbili, bila grisi kwenye nyuzi zake. Lakini hiyo ni kazi ya siku nyingine. Kesho ukifika garaji, mwambie fundi aanze na ule mpira mfupi unaotoka kwenye mfuniko wa injini, injini ikiwa inanguruma, na ufunguo wa buji auache ndani ya sanduku lake.