Mwenye mwalo anasema faida inazidi madhara

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mchimbaji mdogo hapa Geita. Dhahabu tunaikamata kwa zebaki, na jioni mimi huichoma ili zebaki itoke kwa mvuke ibaki dhahabu; huichomea jikoni nyumbani kwa kuogopa wezi. Mke wangu ni mjamzito, na nesi wa kliniki aliposikia habari hiyo alinikemea vikali. Mwenye mwalo (mahali tunapooshea mchanga wa dhahabu), ambaye ananidai, anasema kila maendeleo yana madhara yake na kwamba kidini faida ikizidi madhara jambo hufaa. Akanisomea na Aya ya ulevi. Je, ni kweli?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Swali lako limenikosesha raha, mwanangu, maana hoja ya huyo mwenye mwalo nimeisikia hata kwa watu waliosoma.

Aya aliyokusomea, al-Baqara 219, inakiri kuwa ulevi na kamari vina manufaa kwa watu, ila dhambi zake ni kubwa kuliko manufaa hayo. Kupima kupo katika dini yetu. Lakini yeye amepima vipi? Faida aliyoihesabu inaingia mfukoni mwake, na madhara aliyoyapuuza yanaingia mapafuni mwako na kwa mtoto aliye tumboni, ambaye hakuna aliyemwomba ridhaa. Mtume ﷺ amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Amesema pia kuwa pato huenda na dhamana: anayekula faida ndiye anayebeba hasara. Sasa muulize, mtoto akizaliwa na maradhi, gharama za kumuuguza atazibeba yeye?

Hoja yake ina historia, na historia hiyo ni chungu. Mji wa Minamata, Japani, uliishi kwa kiwanda cha kampuni ya Chisso, kilichomwaga zebaki katika ghuba. Paka walianza kurukaruka kama wenye wazimu, kisha maradhi yakawapata wavuvi, na mwaka 1956 yakatambuliwa rasmi. Mwaka 1959 daktari wa kampuni yenyewe alimlisha paka maji machafu ya kiwanda, paka akaugua, na kampuni ikaficha matokeo. Umwagaji uliendelea hadi 1968. Kina mama waliokula samaki wa ghuba ile, baadhi yao wakiwa hawana dalili kubwa, walizaa watoto walioathirika ubongo. Na miaka yote hiyo kiwanda kiliitwa maendeleo ya mji!

Bukhari amepokea kwa Nuuman bin Bashir mfano wa watu wa jahazi: walio chini wakataka kutoboa sehemu yao ili wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Haja yao ilikuwa ya kweli, na Mtume ﷺ hakuidharau. Akasema tu kwamba wakiachwa, wataangamia wote.

Usije ukadhani ninawaunga mkono wanaosema kila kipya ni fitna. Kliniki anayokwenda mkeo nayo ni maendeleo.

Kwa hiyo: kuchimba dhahabu ni halali, na chumo lako la nyuma hukulipata kwa haramu, kwa kuwa hukujua. Kuchomea zebaki nyumbani, au wazi karibu na watu, ni haramu tangu ulipojua. Kumwaga masalia yake mtoni pia ni haramu. Deni la mwenye mwalo ni haki yake, ulilipe, ila halimpi mamlaka juu ya nyumba yako; hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba.

Leo hii acha kuchomea jikoni. Mkeo asipike humo mpaka pasafishwe, na msifagie kwa ufagio, kwani hutawanya zebaki. Nguo za kazi zisiingie ndani. Wenzako mchangie chombo kilichofungwa cha kuchomea, kinachonasa mvuke. Sehemu kubwa ya zebaki hurudi, mtaitumia tena, na mtajilinda na wezi kwa zamu. Kisha rudi kwa yule nesi, umweleze mmechoma kwa muda gani, na umshukuru. Usimtie mkeo hofu kuwa mtoto amekwisha kuharibika. Hilo hulijui wewe wala mimi. Mpeleke apimwe, na mwombee.

Wallahu aalam.