Paja Limesinyaa Baada ya Upasuaji wa Goti

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nina miaka 26, nacheza mpira wa mchangani. Wiki 7 zilizopita nilipandikizwa ligamenti ya mbele (utepe unaoshikilia mifupa) ya goti la kulia. Kano la kupandikiza lilitolewa nyuma ya paja la mguu huohuo. Magongo nimeacha na kila jioni natembea nusu saa, lakini paja limesinyaa na nikishuka ngazi mguu unatetemeka. Jimu iko mbali. Nifanye nini nyumbani, na nitarudi uwanjani lini?
S., Morogoro

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Endelea kutembea, ila kutembea peke yake hakujazi paja. Uvimbe na maumivu ya goti hufanya neva zipunguze amri zinazokwenda kwenye msuli wa mbele wa paja, na msuli usioamrishwa husinyaa haraka. Haurudi mpaka ubebeshwe mzigo wa kuuchosha.

Kwanza lala chali, weka kisigino juu ya taulo iliyokunjwa. Goti linanyooka kama la kushoto? Kama halinyooki, hiyo ndiyo kazi ya kwanza: liache hivyo dakika 10, mara 3 kwa siku, kisha kaza paja ukisukuma goti chini kwa sekunde 5, marudio 10. Inua mguu ukiwa umenyooka. Goti likijikunja njiani, usiongeze uzito bado.

Likishanyooka, fanya mazoezi ya nguvu siku 3 kwa wiki, ukiruka siku moja katikati. Zoezi kuu ni kiti. Simama kwa miguu yote miwili, kisha keti polepole ukihesabu hadi 4, uzito mwingi ukiwa mguu wa kulia. Marudio 8 hadi 10, seti 3. Hapa wengi hujidanganya bila kujua: mwili unakimbilia mguu wa kushoto, ulio mzima. Sogeza mguu wa kushoto mbele kidogo, na ukiweza fanya mbele ya kioo. Nyonga zisiegemee upande, goti lisiangukie ndani. Marudio 10 yakiwa mepesi, vaa begi mgongoni na uanze na chupa 2 za maji za lita 1.5, yaani kilo 3.

Zoezi la pili linahitaji kanga tu. Keti ukingoni mwa kitanda kizito, goti limekunjwa nyuzi 90, funga kanga kifundoni na kwenye mguu wa kitanda ulio nyuma yake. Sukuma mbele kwa nguvu bila mguu kusogea, sekunde 30, mara 5, ukipumzika dakika 1. Katika pembe hiyo ligamenti mpya haivutwi sana. Kuinyoosha miguu hadi mwisho ukiwa na uzito mkubwa kifundoni ndiko kunakoivuta, kwa hiyo kwa sasa acha. Kwa kuwa kano lilitoka nyuma ya paja, usivute kisigino dhidi ya mpira au uzito mpaka anayekutibu akuruhusu.

Kila asubuhi pima goti kwa futi ya fundi cherehani, kuzunguka katikati ya pia ya goti. Likizidi la jana kwa sentimita 1, au likikataa kunyooka, rudi kwenye mzigo wa awali. Usilale kitandani wiki nzima. Kigimbi kikivimba na kuuma, au kidonda kikitoa usaha, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Uwanjani si kabla ya miezi 9, tena baada ya kupimwa, mguu wa kulia ukiwa na angalau asilimia 90 ya nguvu za wa kushoto. Tunasisitiza kwa sababu kati ya wiki ya 6 na ya 12 kano lililopandikizwa huwa dhaifu kuliko siku lilipowekwa, likisubiri mishipa mipya ya damu, na huo ndio wakati maumivu yanapoisha na kijana anaposhawishika kupiga danadana.

SWALI: Nimefanyiwa upasuaji kama huo, nina kilo 60. Ni lazima ninunue unga wa protini?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Si lazima, dada. Kama figo zako ni nzima, lenga gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, yaani takribani 96 kwa siku, ukizigawa katika milo yote. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Samaki au kuku wa mchana na usiku atajaza sehemu kubwa ya zinazobaki. Mlo unaosahaulika ni wa asubuhi: chai na mandazi havina protini ya kutosha, ongeza mayai 2 na maziwa.