Maswali ya Wasomaji: Neno "this" Linataja Objekti Ipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimejifunza kuandika programu kwa Java, na sasa nimeanza pia Python na JavaScript. Katika Java niliunda klasi (kiolezo cha kuundia objekti, yaani vitu vya ndani ya programu vyenye data na kazi zake) niliyoiita Kihesabu, na ndani ya konstrakta yake, msimbo unaoiandaa objekti mpya, nikaandika "jumla = jumla;". Niliipa 10, lakini kihesabu kikaanza na 0, hadi nilipoelekezwa niandike "this.jumla = jumla;". Katika Python nimekuta "self". Kilichonishinda hasa ni JavaScript: nikiwa na objekti k, nikaita "k.ongeza()", yaani nikaendesha methodi (kazi) yake ya kuongeza, hesabu inapanda vizuri, ila nikiikabidhi methodi hiyohiyo kwa kitufe cha ukurasa, kila ninapobonyeza kinachochapishwa ni "NaN". Je, "this" ya Java na ya JavaScript si neno moja?

JIBU: Ndugu msomaji, neno ni moja, kanuni ni mbili. Tuanze na Java. Ndani ya konstrakta yako palikuwa na majina mawili yanayofanana, la kigezo (thamani inayopokelewa kwenye mabano) na la sehemu ya objekti (data inayohifadhiwa ndani yake), na kwa kuwa Java hulitafuta jina kuanzia karibu, kigezo kiliifunika sehemu. Ulichukua thamani ya kigezo ukairudisha kwenye kigezo hichohicho, jambo ambalo halivunji sarufi ya lugha, ndiyo maana kompaila, programu inayotafsiri msimbo wako, haikukataa. Sehemu yenyewe haikuguswa, ikabaki na 0 iliyozaliwa nayo.

Haja ya neno hilo, hata hivyo, ni kubwa kuliko kutenganisha majina. Klasi huandikwa mara moja, ilhali objekti zake zaweza kuwa elfu, na zote hutumia msimbo uleule wa methodi. Unapoandika hujui ni objekti ipi itakayoitwa, kwa hiyo unahitaji neno linalopata maana wakati programu inapoendeshwa, kama lilivyo "mimi", ambalo halina mwenyewe mpaka atokee wa kulitamka. Kwa maoni yangu lugha ya Visual Basic ndiyo iliyopatia, kwa kuwa yenyewe husema "Me", yaani "mimi" hasa. Lugha ya Simula 67 ilitumia "this", C++ ikairithi na Java ikafuata, na Smalltalk ikachagua "self".

Python ndiyo inayofichua siri ya jambo hili. Ukiandika "k.ongeza(5)", Python huitekeleza kana kwamba umeandika "Kihesabu.ongeza(k, 5)": objekti iliyo kushoto kwa nukta hupitishwa kuwa kigezo cha kwanza, na "self" ni jina tu la kigezo hicho, tena jina la mazoea lisilolazimishwa na lugha. Ukisahau kukiweka, utaambiwa kwamba methodi inapokea kigezo kimoja lakini imepewa viwili, na mwanafunzi hubaki akihesabu vidole vyake, kwa sababu anachokiona kwenye mabano ni kimoja. Java na C++ hupitisha objekti hiyo kimyakimya. Methodi tuli, ile inayotangazwa kwa "static", haipitishiwi objekti yoyote, na kwa hiyo "this" haipo ndani yake.

Sasa kitufe chako. Katika JavaScript, methodi ya kawaida haikumbuki ilitoka kwenye objekti gani. "This" huamuliwa na namna ilivyoitwa, kila inapoitwa. Katika "k.ongeza()" iliyo kushoto kwa nukta ni k, na mambo huenda sawa. Ulipoandika "kitufe.addEventListener('click', k.ongeza)" hukuiita methodi, uliitoa tu kwenye objekti yake ukaikabidhi. Kivinjari ndicho kilichoiita baadaye, nacho huweka kitufe chenyewe kuwa "this". Methodi ikatafuta jumla kwenye kitufe, haikuikuta, ikajumlisha 1 na thamani isiyofafanuliwa, na matokeo yakawa NaN, maana yake "si namba". Zaidi ya hapo, NaN hiyo ikaandikwa kwenye kitufe, ambacho sasa kina sehemu inayoitwa jumla bila wewe kukusudia, huku k ikiwa haijabadilika hata kidogo. Hitilafu za namna hii husumbua kuliko zile zinazosimamisha programu, kwa kuwa hapa hakuna kilichovunjika mbele ya macho yako.

Dawa ziko mbili. Unaweza kukabidhi "k.ongeza.bind(k)", ambayo hutoa fanksheni (kipande cha msimbo kinachoweza kuitwa) iliyofungwa kwa k moja kwa moja, njia hii iliingia kwenye kanuni rasmi za lugha mwaka 2009. Au ukabidhi fanksheni ya mshale, "() => k.ongeza()", ambayo hurudisha nukta mahali pake wakati wa kuita. Mishale ilikuja mwaka 2015 na ina sifa moja ya ziada: haina "this" yake yenyewe, bali huazima ya mahali ilipoandikwa, hivyo ukiwa ndani ya methodi ya Kihesabu waweza kuandika "() => this.ongeza()" bila wasiwasi. Mimi huchagua mshale, kwa sababu msomaji wa msimbo huona ni nani anayeitwa.

SWALI: Je, niandike "this" mbele ya kila sehemu?

JIBU: Katika Python (kwa "self"), PHP na JavaScript huna hiari. Katika Java ningeiandika pale tu majina yanapogongana, au objekti inapojikabidhi yenyewe kwa nyingine.