Swichi ya 4066 ikikuchezea, pima kabla ya kung'oa chipu

Vijana wengi wanaounda mixa zao hapa Kampala wana mtindo mmoja: sauti ikianza kujikatakata, chipu ya 4066, yenye swichi nne zinazowashwa na kuzimwa kwa volti, inang'olewa, nauli ya boda inaliwa kwenda mjini kununua nyingine, na hiyo nyingine inafanya yaleyale. Chipu ni nadra kuwa na kosa. Kosa liko kwenye volti zinazoizunguka.

Anza na miguu ya amri, ile inayowasha na kuzima kila swichi. Kwenye CD4066 ni 13, 5, 6 na 12. Haili mkondo wa maana, kwa hiyo mguu ulioachwa hewani unadaka hata mngurumo wa hezi 50 wa umeme wa ukutani. Sogeza mkono karibu bila kugusa. Sauti ikibadilika, umempata mwizi. Ajabu ni kwamba ukiweka mita pale, mara nyingi swichi inatulia, ukiiondoa inaanza tena. Mita ya dijitali ina ukinzani wa kama mega-om 10, nao unatosha kuuvuta mguu hadi graundi (upande hasi wa betri). Wengi hapo husema "imepona" na kufunga boksi! Lehemu rezista ya kilo-om 100 kutoka mguuni hadi graundi. Miguu ya amri ya swichi usizozitumia, ifunge graundi pia.

Unaiendesha kwa Arduino (bodi ndogo ya kompyuta)? Volti 5 hazitoshi kuiamrisha chipu inayokula volti 9: si kuwasha kamili, si kuzima kamili. Weka transista katikati, ukikumbuka kwamba itageuza amri.

Sasa sauti yenyewe. Wimbi hupanda na kushuka chini ya sifuri, na chipu yenye betri moja haivumilii kitu chini ya graundi. Dalili: sauti ya chini inapita safi, besi ikipiga inakwaruza, na chaneli uliyoizima inavuja. Gawa volti 9 kwa rezista mbili za kilo-om 10, katikati weka kapasita ya maikrofaradi 10 hadi graundi, kisha peleka hizo volti 4.5 pande zote mbili za swichi, kila upande kupitia rezista yake ya kilo-om 100. Sauti iingie na kutoka kwa kapasita. Ukisahau upande mmoja, kila ukibonyeza utasikia "pwaa".

Kapasita ya nanofaradi 100 kati ya mguu wa 14 na wa 7 (miguu ya umeme wa chipu) iwe karibu kabisa na chipu.

Na chipu hii msiiunge na spika. Hata kwa volti 15 ukinzani wake ni kama om 125, na spika ni om 8. Kazi hiyo ni ya rilei, swichi inayovutwa na sumaku ya umeme.