Maswali na Majibu: Tyubu imepasuka nikishuka mlima. Ni kosa la hewa nyembamba?

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Aurora, Colorado. Juzi nilipanda Trail Ridge Road ndani ya hifadhi ya taifa ya Rocky Mountain, nikafika sehemu ya juu kabisa, kisha nikageuza kurudi Estes Park. Kushuka nilibana breki mwanzo mwisho ili nisizidi kilomita 20 kwa saa. Nikasimama Many Parks Curve kupiga picha, na baada ya kama dakika moja tyubu ya mbele ikapasuka kwa kishindo. Baiskeli ni ya breki za ringi, ringi za alumini, tairi za milimita 25, upepo psi 100 (psi ni kipimo cha presha ya tairi). Mimi, baiskeli na mizigo yangu ni kilo 85. Mwenzangu kwenye kikundi anasema hewa nyembamba ya mlimani ndiyo huvimbisha tyubu, kwa hiyo kabla ya kushuka nipunguze upepo hadi psi 60 na kila kituo nimwagie ringi maji. Nimfuate?

JIBU: Marahaba, dada. Usimfuate. Ukitoka Aurora hadi pale juu kwenye mita 3,713, hewa ya nje kupungua kunaongeza kwenye kipimo cha tairi chini ya psi 3. Baridi ya huko juu inafuta ongezeko hilo lote: hewa ya ndani ikipoa kwa nyuzi 15, psi 5 zinaondoka. Ulipokuwa unageuza kule juu, tairi zako zilikuwa laini kidogo kuliko zilivyotoka nyumbani. Kilichopasua tyubu ni joto la breki, na joto hilo linatokana na kile ulichoamini kuwa ni tahadhari.

Swali hili nalipata kila msimu barabara hizi zinapofunguliwa, na karibu kila anayeuliza anaeleza kwa fahari kwamba hakuachia breki hata mara moja. Tafadhali tuiache tabia hii. Kubana breki mfululizo si usalama. Ndiyo njia ya uhakika zaidi ya kuchemsha ringi.

Fanya hesabu. Kutoka juu hadi Many Parks Curve umeshuka kama mita 775. Kilo 85 zikishuka kiasi hicho zinatoa nishati ya takriban kilojuli 646, inayotosha kuchemsha karibu lita mbili za maji ya bomba. Nishati hiyo lazima iende mahali: ama ichukuliwe na upepo unaokupiga kifuani, ama iingie kwenye breki. Kwa kilomita 20 kwa saa kwenye mteremko wa asilimia 7, upepo unachukua chini ya sehemu moja ya kumi, na karibu yote iliyobaki inaingia kwenye ringi. Kwa kilomita 50 kwa saa upepo peke yake unachukua karibu nusu. Nako juu kule hewa ni pungufu kwa karibu thuluthi moja kuliko ya pwani, kwa hiyo haikuzuii vya kutosha na haipozi ringi vya kutosha. Hapo tu ndipo hewa nyembamba inapoingia kwenye kesi yako.

Upepo wa psi 100 uliojazwa kwenye nyuzi 20 unafika karibu 123 ringi ikipanda hadi nyuzi 80. Ukisimama ghafla, hewa iliyokuwa inapoza ringi kwa nje inakoma, na joto lililo kwenye kuta za ringi linaingia ndani hadi kwenye tyubu. Ndiyo maana imepasuka umesimama na si ukiwa mwendoni. Shukuru kwa hilo, maana tairi ya mbele ikipasuka kwenye kona, usukani haukusikilizi tena.

Sasa chukua tyubu hiyo, usiitupe. Ijaze upepo kidogo uone tundu liko wapi. Likiwa upande wa ndani, unaotazama ringi, vua tairi ukague utepe wa ringi. Utepe wa plastiki ukipata joto hulainika na kubonyea kwenye matundu ya spoki, tyubu inavimba kuingia humo, inapasuka. Utaona vishimo vya mviringo vilivyojipanga kwenye utepe, na kimoja kitalingana na tundu lako. Weka utepe wa kitambaa, upana wa kufunika matundu yote bila kupanda kwenye kingo inakokaa tairi. Tundu likiwa pembeni mwa kiraka cha zamani, gundi imeachia kwa joto. Kwa safari za milimani gurudumu la mbele lipe tyubu isiyo na kiraka. Ukikuta mpasuko mrefu wa sentimita kadhaa, tairi yenyewe iliruka kutoka kwenye ringi. Hapo kagua ukingo wa tairi kote, na ukiona umenyooka au nyuzi zimetokeza, tairi hiyo imekwisha.

Kagua ringi pia. Kuta zinazosuguliwa na breki zina alama ya kuisha, kijishimo au mfereji mwembamba. Alama ikifutika, au ukiweka rula ukutani ukaona umebonyea katikati, badilisha ringi. Ukuta uliolika, ukiongezewa joto na presha, hupasuka. Kwenye pedi, chokonoa kwa sindano vipande vya alumini na mchanga vilivyonasa, kwaruza kwa msasa sehemu iliyong'aa kama kioo, na hakikisha pedi haigusi tairi.

Psi 60 kwenye tairi ya milimita 25 inayobeba kilo 85 ni hatari nyingine. Ukigonga ufa wa lami, tyubu inabanwa kati ya ringi na barabara na kutoboka matundu mawili, na kwenye kona tairi inayumba chini yako. Jaza 85 mbele na 90 nyuma. Na maji? Ringi iliyolowa haishiki mara ya kwanza unapobana, na mara ya kwanza ndiyo unayoihitaji ukitoka kituoni kuelekea kona.

Kushuka kwenyewe kuko hivi. Shika sehemu ya chini ya usukani, vidole viwili kwenye kila mkono wa breki. Kwenye nyoofu unayoiona yote, achia, bila kuzidi kikomo kilichowekwa barabarani, ambacho hakizidi maili 35 kwa saa. Kabla ya kona, baiskeli ikiwa bado wima, bana breki zote mbili kwa nguvu sekunde mbili tatu, ya mbele ikifanya kazi kubwa, kisha achia unapoingia. Kutoka kilomita 50 hadi 25 kwa saa unatumia kama kilojuli 6 tu, na ringi inapata nafasi ya kupoa kabla ya kona ifuatayo. Ukitaka kusimama, tafuta kwanza mahali pasipo mteremko mkali uache baiskeli itembee bila breki kwa muda. Ukiogopa mwendo, simama vituo vingi zaidi, dakika kumi kumi, lakini usiburute breki. Vaa glavu za vidole vizima, maana vidole vilivyoganda haviwezi kubana na kuachia. Na uwe umeanza kushuka kabla ya saa sita mchana, maana radi za alasiri zikikukuta huko juu huna mahali pa kujificha.

Kuna wanaosoma haya wakajisemea, mimi nina breki za diski, hayanihusu. Yanawahusu sana. Diski ikiburutwa, pedi zinang'aa na kupoteza mshiko, na mafuta ya breki yakichemka mkono wa breki unalala hadi kwenye usukani bila baiskeli kusimama. Halafu huja fundi wa njia ya mkato anayepulizia diski mafuta ya kopo ili isipige kelele, au anayeongeza mafuta yoyote aliyo nayo. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini, za SRAM za barabarani nyingi hutumia mafuta ya aina nyingine yaitwayo DOT 5.1, na ukichanganya, mipira ya ndani inavimba na breki inakufa. Pedi iliyolowa mafuta haioshwi wala haichomwi kwa moto, inatupwa.

Wanaoshuka Lushoto kwenda Mombo, au Iten kuingia bonde la Kerio, fizikia yao ni hii hii, mara nyingi kwa baiskeli ya mizigo na raba za breki zilizokatwa kwenye tairi kuukuu. Raba hiyo haikutengenezwa kwa joto la kusuguliwa: inalainika, inapaka ringi utando wa kuteleza, na breki inatoweka katikati ya mteremko. Pedi halisi ni rahisi kuliko gurudumu. Fundi akikukatia tairi na kuiita breki, chukua baiskeli yako uende kwa mwingine.