Wiki ya sita baada ya msiba

Msiba ukitokea, kanisa zima huhamia nyumbani kwa mfiwa. Viti havitoshi, kwaya inaimba, mchungaji anaomba, bahasha zinapita. Pita tena hapo wiki ya sita. Mlango umerudishiwa, na ndani kuna mtu mmoja anayepekua karatasi za madeni ambayo marehemu hakuwahi kumtajia. Nimekuwa katibu wa kamati ya huduma ya usharika wetu kwa miaka 11, na wenzangu wanaoanza kazi hii huwa nawaambia wajipange kwa ajili ya wiki ya sita. Ya kwanza hujipanga yenyewe.

Mimi mwenyewe sikulijua hilo nilipoanza. Nilidhani kazi yetu ni kukusanya na kugawa. Mwaka wa kwanza tulikusanya vizuri mno, tukapanga vitu mezani mbele ya kanisa, na baada ya mahubiri tukaita majina. Mjane mmoja akaja mbele na watoto wake watatu. Akapokea, akapigiwa makofi, akapigwa picha. Aliyeshika kamera ni mimi. Jumapili iliyofuata hakuonekana, wala ile ya baada yake. Nilipomfuata nyumbani alinikaribisha, akanikalisha, kisha akanieleza taratibu kwamba mwanawe mkubwa sasa anaitwa na wanafunzi wenzake "yule wa msaada". Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Hadi leo anasali kwingine, na tangu siku ile kamati yetu haijapiga picha ya mpokeaji hata moja. Mfadhili akidai picha tunampa risiti.

Lile neno la Mathayo 6 kuhusu mkono wa kushoto usiojua ufanyalo mkono wa kuume huwa tunalihubiri kama somo la unyenyekevu kwa mtoaji. Siku hizi nikilisoma namfikiria zaidi yule kijana darasani.

Kosa letu lililofuata lilichukua muda mrefu kuonekana, maana lilifanana na wema. Kulikuwa na mama mwenye mtoto mlemavu asiyeweza kuachwa peke yake hata dakika tano. Kwa miezi kadhaa tulimpelekea nguo na chakula, naye alishukuru kila mara. Kabati lake likajaa. Ndipo mwenzangu mmoja wa kamati, mwanamke asiye na subira na maneno mengi, akamwuliza: "Mama, ukipewa saa tatu za kwako mwenyewe, utazifanyia nini?" Akajibu neno moja tu: "Nitalala." Tangu wakati huo kila Alhamisi mchana watu wawili wa kanisani hukaa na mtoto huyo, kwa zamu. Haitugharimu chochote, na sijaona msaada wetu mwingine uliofika mahali pake kama huo.

Kwa hiyo lile tangazo la "mwenye shida asisite kutuona" siliamini tena. Mwenye shida husita. Hajui unaweza nini, anaogopa kuomba kikubwa, anaona haya kuomba kidogo. Mtajie kitu, siku na saa: "Jumanne asubuhi nina nafasi. Nikusindikize hospitali, au nibaki na watoto?" Hapo hata mtu aliyechoka kabisa anaweza kujibu. Usharika usio na fedha nao una watu wanaojua kujaza fomu, kupanga foleni, kuwasomesha watoto jioni, kukaa tu kimya na mgonjwa.

Majumbani tunakwenda wawili wawili, kama Yesu alivyowatuma wanafunzi wake. Vijana walioanzisha Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo mjini Paris mwaka 1833 walifanya kuwatembelea maskini nyumbani kwao ndiyo kazi yao kuu, na hadi leo desturi ya chama hicho ni kwenda wawili. Sisi tuliifuata kwa sababu za kawaida kabisa. Mmoja anapozungumza, mwingine anaona kwamba mtoto wa pili hakwenda shule. Tena hakuna wa kuzusha neno, na watoto wa nyumba ile wako salama. Juu ya hilo la mwisho hatujadiliani na mtu, awe mzee wa kanisa au nani.

Wapo wanaoniambia kamati na madaftari vinaua upendo. Huwa nawarudisha kwenye Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, manung'uniko yakatokea, na mitume hawakujibu kwa mahubiri kuhusu upendo. Walitaka wachaguliwe watu saba, na ukiyasoma majina yao, kuanzia Stefano hadi Nikolao, yote ni ya Kiyunani. Yaelekea kazi ilikabidhiwa kwa upande uliokuwa umesahauliwa. Nasi tukajifunza: kamati yetu lazima iwe na mtu aliyewahi kusaidiwa. Yeye hugundua mara moja sentensi inayoumiza, wakati sisi wengine tunaona iko sawa. Na kama daftari linaua upendo, sijui tuseme nini juu ya kanisa la Roma, ambalo mwaka 251 askofu wake Kornelio aliandika kwamba lilikuwa likitunza wajane na wahitaji zaidi ya 1,500. Huwezi kutunza watu idadi hiyo kwa kukumbuka kichwani.

Daftari letu lenye majina tunalishika mimi na mchungaji tu. Usharika hupewa hesabu: familia ngapi zimesaidiwa, kiasi gani kimeingia, kiasi gani kimetoka. Sadaka ya huduma huhesabiwa na wawili wasio mke na mume, na wa tatu huandika. Paulo alipokuwa akipeleka mchango kwa watakatifu wa Yerusalemu alihakikisha anaandamana na wengine, asije akalaumiwa na mtu. Ikiwa Paulo alijihadhari, mweka hazina wetu asinune akiombwa risiti.

Kuhusu kumpa mtu fedha mkononi, nimegeuka. Zamani nilisisitiza tulipe wenyewe kwa mwenye nyumba au shuleni, eti fedha zisipotee. Kumbe tulikuwa tukimfanya mtu mzima aonekane mtoto mbele ya mwenye nyumba wake. Sasa tunampa mwenyewe akalipe, isipokuwa pale anapotuomba tusimpe, na wapo wanaoomba hivyo kwa sababu wanazo sababu zao. Tumewahi kudanganywa, tena na mtu aliyelia vizuri sana. Tulipoteza, tukaandika, tukaendelea. Kuweka masharti mapya kwa kila mhitaji kwa sababu ya mwongo mmoja kungewaadhibu waliosema kweli.

Jirani asiye wa kanisa letu, au wa dini nyingine, anasaidiwa vilevile, na hatuambatanishi msaada na mwaliko wa ibada. Akiuliza habari za imani yetu tutamjibu. Na tukikuta kipigo nyumbani, au mtu anayesema hataki kuishi tena, hatujifanyi wataalamu. Tuna karatasi yenye namba za watu wanaoijua kazi hiyo, na mmoja wetu hukaa naye mpaka wapatikane.

Mwishoni mwa daftari kuna kalenda. Kila familia iliyofiwa, iliyougua au iliyopoteza kazi inaandikiwa tarehe nne: wiki ya sita, mwezi wa tatu, mwezi wa sita, na siku mwaka unapotimia. Kesho ni wiki ya sita ya baba mmoja aliyefiwa na mke. Juzi nilimpigia simu kumwuliza tumsaidie nini. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema mambo ya ofisini anayaweza, ila binti yake mdogo hakubali nywele zake ziguswe, na yeye hata angekubali hajui pa kuanzia. Nitakwenda na binti yangu. Ameshaweka kitana kwenye mkoba.