Kisukari cha ukoo: ni damu au ni mazingira?

SWALI: Ndugu Mhariri, baba yangu ana kisukari cha aina ya pili, na babu alifariki kwa ugonjwa huo huo. Daktari mmoja aliniambia kwamba kisukari kiko katika ukoo wetu. Mwingine akasema kinatokana na ulaji na kukaa kitako mchana kutwa. Je, ni asilimia ngapi ya kurithi na ngapi ya mazingira?

JIBU: Ndugu msomaji, madaktari wako wote wawili wamesema kweli, ila hesabu unayoiomba haigawanyiki hivyo. Chukua ugonjwa wa fenilketonuria, uliobainishwa na daktari Asbjørn Følling wa Norway mwaka 1934. Mtoto hurithi jeni mbili zenye kasoro, moja ya baba na moja ya mama, na kwa sababu hiyo ini lake hushindwa kuvunjavunja fenilalanini, kijenzi kimojawapo cha protini, ambayo hurundikana mwilini hadi ikaharibu ubongo. Lakini mtoto huyo huyo, akigundulika mapema kwa tone la damu ya kisiginoni na kuwekewa mlo wenye fenilalanini kidogo sana, hukua na akili zake timamu, ilhali kasoro ya jeni ingali pale pale. Hapo jeni tuiandikie asilimia ngapi?

Kisukari chenu ni kigumu zaidi kuchambua, kwa kuwa tofauti za vinasaba zinazohusika ni nyingi na kila moja huongeza hatari kidogo tu. Iliyo na uzito kuliko nyingi imo katika jeni iitwayo TCF7L2, iliyohusishwa na ugonjwa huu mwaka 2006. Mwaka huo huo, watafiti wa Marekani waliichunguza kwa washiriki zaidi ya 3,000 wa utafiti wa kuzuia kisukari, watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Miongoni mwa waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani yake, ili kulinganisha, wenye nakala mbili za jeni hiyo zenye tofauti inayoongeza hatari waliugua zaidi ya wenzao. Miongoni mwa waliopunguza uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, pengo hilo lilififia, ijapokuwa kitakwimu matokeo hayo hayakutosha kufunga mjadala.

Kumbuka pia kwamba baba hakukupa jeni peke yake; alikulea katika ulaji wake. Pima sukari kabla ya kufungua kinywa asubuhi, na umweleze daktari baba na babu waligundulika wakiwa na umri gani.